Wiski kwenye stoo ya bati

Joto la Mtwara peke yake haliharibu wiski. Nimetunza stoo ya vinywaji ya nyumba moja ya wageni hapa Shangani kwa misimu mingi ya korosho, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hii si itachacha?" Anayeuliza huwa ana chupa moja mkononi, kaletewa na ndugu kutoka Dar es Salaam au kainunua mwenyewe baada ya malipo ya mnada, na anataka kuiweka mpaka harusi ya mtoto au mpaka Krismasi. Nyumba yake imeezekwa bati, na Krismasi ya huku huangukia kwenye joto hasa.

Swali hilo halitoki hewani. Huku kusini tumekua tukiuona uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Mabibo yakikamuliwa asubuhi, juisi ni tamu; kesho yake imeshakuwa kali; ukiiacha zaidi inageuka siki. Kwa hiyo mtu akisikia kinywaji na joto, akili inakwenda huko moja kwa moja. Lakini uraka unachacha kwa sababu ndani yake kuna hamira hai na sukari ya kuilisha. Wiski imeshapita hatua hiyo zamani. Imechachushwa, ikakenekwa, ikalala kwenye mapipa ya mwaloni, kisha ikatiwa chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40, ambacho ndicho kiwango cha chini kwa sheria za Scotland, Umoja wa Ulaya na Marekani. Hakuna kijidudu kinachoishi humo. Chupa iliyofungwa vizuri haichachi, na wala haizeeki. Miaka 12 iliyoandikwa kwenye lebo ni miaka ya pipa. Siku wiski ilipotiwa chupani, hesabu ilisimama. Wapo wanaoamini kwamba chupa waliyoifungia kabatini tangu mtoto azaliwe sasa ina thamani ya utamu zaidi. Hapana, ladha ni ile ile, kama wameitunza.

Joto lina kazi kubwa kwenye pipa. Huko Scotland pipa hupoteza kiasi cha asilimia 2 ya wiski kwa mwaka kwa kupumulia kwenye mbao, lakini kule Bengaluru, India, kiwanda cha Amrut hupoteza asilimia 10 na zaidi kwa mwaka, na ndiyo maana wiski yao hukomaa kwa miaka michache tu. Mbao inanyonya na kutema kadiri hewa inavyopata joto na kupoa. Chupa ya kioo haina mbao. Joto likiingia kwenye chupa halina cha kukomaza; linabaki kusukuma kizibo.

Na hapo ndipo ilipo shida yetu. Stoo niliyoikuta ilikuwa na kuta za tofali, bati juu bila dari, na dirisha moja linalotazama magharibi. Nilitundika vipimajoto viwili, kimoja juu karibu na kenchi, kingine chini karibu na sakafu. Wakati wa kaskazi, Novemba na Desemba, mchana kile cha juu kilikuwa kikivuka nyuzi joto 40, na cha chini kikibaki kwenye 30. Alfajiri vyote viwili vilirudi 25 au 26. Kwa hiyo chupa iliyokaa rafu ya juu ilikuwa ikipanda na kushuka nyuzi 15 kila siku inayopambazuka, wakati mwenzake wa chini alipanda nyuzi nne au tano tu. Kilevi hutanuka kwa joto kuliko maji. Wiski ya mililita 750 ikitoka nyuzi 25 kufika 40 inaongezeka mililita 8 hivi. Mililita 8 ni kidogo ukizimimina kwenye glasi. Kwenye shingo nyembamba ya chupa iliyojaa, ni nyingi. Hewa iliyobaki juu inabanwa, mvuke wa kilevi nao unaongezeka, na vyote vinasukuma kizibo kutoka ndani. Usiku vinanyong'onyea na kuvuta hewa ya nje kama kizibo hakijashika sawasawa. Kesho yake tena.

Haya yote ningeweza kuyasoma mahali nikayasahau. Yalinikaa kichwani kwa sababu ya Desemba moja, msimu wa korosho umechanganya, vyumba vimejaa wanunuzi na madereva wa malori, bosi akaja kutoka Dar kuhesabu mzigo. Alihesabu saa tisa alasiri. Akaweka mezani chupa mbili za aina moja, zote hazijafunguliwa, stempu za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, ziko mahali pake. Moja wiski ilikuwa juu shingoni. Nyingine iliishia chini zaidi, tofauti ya upana wa kidole. Akarudi ndani, akatoa nyingine za rafu ya chini: zote zimeshuka. Akatoa za rafu ya juu: zote zimepanda. Akamwita dada wa kaunta, ambaye ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili.

"Dada, hizi kazipunguza nani?"

"Bosi, hazijafunguliwa hizo. Shika uangalie mwenyewe."

"Siku hizi kuna watu wanapitisha sindano kwenye mfuniko. Mimi nayajua."

"Haki ya Mungu, bosi, sijazigusa."

Akasema shoti yote itakatwa kwenye mshahara wake, kidogo kidogo, mpaka iishe. Dada yule alikuwa analea wanawe na mama yake mzazi kwa mshahara huo huo. Alikaa kwenye kreti tupu, akanyamaza.

Kabla ya stoo nilikuwa nimefanya kazi sheli, napima matangi ya petroli kwa kijiti. Mtu wa sheli anajua kwamba mafuta yana mchana na usiku wake. Tangi lile lile, bila kuuza hata lita moja, halisomi sawa alfajiri na alasiri, na wenye uzoefu huandika na joto pembeni ya kipimo. Nikamwomba bosi anipe mpaka kesho. Nikamwambia achague mwenyewe chupa mbili, moja ya juu na moja ya chini, abandike utepe wa karatasi shingoni, achore mstari mahali wiski ilipofika, aweke na sahihi yake. Kisha azibadilishe: ya juu ishuke, ya chini ipande. Afunge mlango, funguo zote mbili alale nazo chumbani kwake. Alikubali, nadhani kwa sababu nilimwambia mbele ya watu na kwa adabu.

Kesho yake saa tisa ile ile tukaingia. Chupa iliyokuwa "imepunguzwa" ilikuwa imepanda juu ya mstari wake, shingoni kabisa. Ile "nzima" ilikuwa imeshuka chini ya mstari. Bosi akazigeuza mkononi, akaangalia sahihi yake, akaangalia stempu. Hakusema kitu. Nikamwomba jambo moja zaidi, aamke na sisi alfajiri ya siku iliyofuata. Kabla jua halijatoka, chupa zote mbili zilikuwa sawa, kimo kimoja, chini kidogo hata ya ule mstari wa chini uliomtia dada hatiani. Akamwita palepale kaunta, mbele yetu sote.

"Dada, nisamehe. Nimekukosea."

"Yameisha, bosi."

Tangu hapo mzigo unahesabiwa alfajiri. Ninawaambia vijana wote wanaoanza kazi za baa na stoo huku pwani: ukitaka kulinganisha chupa na chupa, zilinganishe zikiwa na joto moja. Kiasi kinachoandikwa kwenye lebo nacho kinahesabiwa kwa nyuzi joto 20, kiwango ambacho Mtwara tunakigusa usiku wa Julai, wakati wa kusi, basi. Sijui ni wahudumu wangapi wamewahi kukatwa mshahara kwa wiski iliyokuwa imepoa tu, na jambo hilo linaniuma.

Baada ya tukio lile bosi aliridhia tupige dari na tuzibe lile dirisha la magharibi kwa mbao. Rafu ya juu sasa ina glasi, sabuni, karatasi za chooni na kreti tupu. Vinywaji vikali viko chini, ndani ya katoni zake, juu ya paleti za mbao, maana sakafu ya huku inatoa jasho wakati wa mvua na mchwa hawana huruma na katoni iliyolowa. Unyevunyevu hauingii ndani ya chupa, lakini unaharibu lebo, unaotesha ukungu na kubandua stempu. Chupa yenye stempu iliyobanduka, mkaguzi akija, utaeleza mpaka jioni. Kwa hiyo kagua katoni za chini kila mwezi, hasa kuanzia mvua zinapoanza Desemba mpaka Aprili.

Anayetaka kuona stoo iliyojengwa na watu waliolijua joto, aende Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka hapa. Zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, na Boma la Wajerumani la mwaka 1895, kuta zake ni nene kiasi kwamba mchana ukiingia chumba cha chini unahisi ubaridi mgongoni. Kuna mfanyabiashara mmoja niliyemfahamu aliyekuwa akiweka mzigo wake kwenye chumba cha namna hiyo. Joto la chumba lilikuwa kama 27 hivi, asubuhi, mchana na jioni. Nyuzi joto 27 si baridi. Wanaoandika ushauri kutoka Ulaya wangesema ni moto. Lakini lilikuwa tulivu, na vizibo vyake vilikuwa vizima miaka yote, wakati sisi wa bati tulikuwa tunaokota vipande vya vizibo kwenye glasi za wageni.

Kuhusu vizibo, niseme waziwazi. Wiski nyingi za bei ya kawaida zina mfuniko wa kuzungusha, na huo kama haujalegezwa unastahimili sana. Zile za bei kubwa, ambazo ndizo watu hupenda kuzitunza, nyingi zina kizibo cha gome la mwaloni, lile linalovunwa zaidi Ureno. Kilevi kikali ni adui wa kizibo hicho. Mvinyo hulazwa ili kizibo kisikauke, na watu wameiga hivyo kwenye wiski. Usilaze wiski. Kilevi cha asilimia 40 kikikaa kwenye kizibo kwa miezi kinakila, kinakifanya kiwe laini na chenye kumeguka, na ladha ya gome inaingia kwenye kinywaji. Isimamishe. Mara moja moja, baada ya miezi kadhaa, ipindue kidogo kizibo kilowe, kisha isimamishe tena. Kikikatikia shingoni, usikisukume kwa kisu. Toa unachoweza kutoa, chuja kwa chujio safi la chai, mimina kwenye chupa nyingine ya wiski iliyooshwa na kukaushwa, yenye mfuniko wa kuzungusha. Wiski yenyewe haina kosa.

Chupa iliyotoka juani, iwe imeshushwa kwenye lori lenye turubai au imetolewa kwenye buti la gari, usiifungue papo hapo. Inatema. Iache kivulini mpaka usiku.

Mwanga hauna maelezo marefu. Kaunta yetu ilikuwa na rafu ya kioo inayopigwa na jua la jioni, na chupa za maonyesho zilikaa pale. Nililinganisha moja na mwenzake aliyekuwa kwenye boksi: ya kaunta ilikuwa imepauka, na harufu imebaki ya kilevi kitupu, ile ya matunda na mbao imekwenda. Tangu hapo kwenye rafu ile tunapanga chupa tupu.

Baridi nayo ina kesi zake, ingawa huku ni baridi ya friza tu. Wiski ya asilimia 40 haigandi mpaka ifike kama nyuzi 27 chini ya sifuri, na friza ya kawaida inaishia 18 chini ya sifuri, kwa hiyo chupa haitapasuka kama soda. Inakuwa nzito na inapoteza harufu, lakini ikirudi kwenye joto lake harufu inarudi. Kesi niliyoisuluhisha mara nyingi ni ile ya ukungu. Mgeni anaagiza chupa ya bei, inatoka kwenye baridi, au anaweka barafu nyingi, na kinywaji kinakuwa na utando kama wa maziwa mepesi. "Hii imechakachuliwa!" Sauti inapanda, baa nzima inageuka. Kumbe ndani ya wiski kuna mafuta mafuta yaliyotoka kwenye nafaka na pipa, ambayo hujificha kilevi kikiwa kingi na joto likiwa la kawaida. Ukiipoza au kuiongezea maji, yanajitokeza. Viwanda vingi huipoza na kuichuja kabla ya kuiuza ili jambo hilo lisitokee. Vingine haviichuji, hasa ile ya asilimia 46 kwenda juu, maana yale mafuta yana ladha yake. Huwa namwambia mgeni: "Mzee wangu, iache mezani kidogo bila barafu." Joto la Mtwara linafanya kazi yake, chupa inang'aa. Akiwa bado na shaka namwonyesha stempu ya kielektroniki, zile zilizoanza mwaka 2019, aihakiki kwa simu yake kwa programu ya Hakiki Stempu. Ukungu si ushahidi wa chupa feki. Stempu isiyosomeka ndiyo ya kutilia shaka.

Kama kuna anayedhani baridi kali inaweza kuiua wiski, amkumbuke mvumbuzi Ernest Shackleton. Alipokwenda Antaktika mwaka 1907 alibeba wiski ya Mackinlay's, na makreti mengine yakabaki chini ya kibanda chake huko Cape Royds, yakamezwa na barafu. Yaligunduliwa mwaka 2006, yakachimbuliwa 2010, na kreti moja likayeyushwa polepole sana kwenye jumba la makumbusho la Canterbury kule Christchurch, New Zealand. Ndani mlikuwa na chupa 11. Barafu ilikuwa imelizunguka kreti lote, lakini wiski haikuwa imeganda. Chupa tatu zilipelekwa Scotland mwaka 2011, wakapima, wakakuta kilevi bado ni asilimia 47.3 na ladha iko hai. Zaidi ya miaka 100 kwenye giza na barafu, bila jua la kuipandisha na kuishusha kila siku. Ndicho nilichokiona kwenye kile chumba cha Mikindani, kwa upande wa pili wa kipimajoto.

Kuna jambo la hatari ambalo wenye stoo wengi hawalifikirii. Mvuke wa wiski ya asilimia 40 unaweza kushika moto kuanzia nyuzi joto 26 hivi ukikutana na cheche. Mtwara tuko juu ya hapo mchana karibu mwaka mzima. Chupa ikivunjika kwenye stoo iliyofungwa, na umeme umekatika, na kijana akaingia na mshumaa au sigara, hilo ni balaa. Kwetu anaingia na tochi tu. Petroli ya jenereta na mtungi wa gesi viko nje, jengo jingine kabisa, na sitakubali virudi hata nikiambiwa nafasi hakuna.

Chupa iliyofunguliwa ina kanuni zake. Kadiri inavyopungua, hewa inaongezeka ndani, na hewa hiyo ndiyo inayopunguza ladha. Kwa joto letu kazi hiyo inakwenda haraka zaidi. Ikiwa nusu na hutaimaliza karibuni, ihamishie kwenye chupa ndogo ijae mpaka shingoni. Kwenye baa tunauza kwa toti, kwa hiyo hatufungui chupa ya pili ya aina ile ile mpaka ya kwanza iishe, hata wahudumu wa zamu mbili wakigombana.

Na usichanganye wiski na kile kinywaji cha krimu kilichotengenezwa kwa wiski ya Ireland. Baileys ina maziwa, kilevi chake ni asilimia 17, na wenyewe wanataka ikae kati ya nyuzi 0 na 25, itumike ndani ya miaka miwili tangu itengenezwe. Hiyo huku inakaa kwenye friji, isome na tarehe kabla ya kulipa.

Kwa yule mwenye chupa moja na nyumba ya bati: iache ndani ya boksi lake, uisimamishe sakafuni chumba cha ndani ambacho jua la jioni haligusi ukuta wake, mbali na jiko na juu ya kipande cha ubao. Usiiweke juu ya kabati. Chini ya kitanda panafaa, mradi kitanda kiwe juu kiasi cha chupa kusimama, isilale. Ikae hapo mpaka harusi, na ikishafunguliwa siku hiyo, wageni waimalize.